Bango Lenye Bawaba

Iko nchi moja ambayo sitaitaja jina, kwa sababu raia wake wana haya na viongozi wake wana mawakili.

Nchi hiyo inaipenda jamii kupita kiasi. Ina Wizara ya Jamii, ina Wizara Ndogo ya Jamii Ndogondogo, na ina Idara ya Kuikumbusha Jamii Kwamba Inapendwa. Kila kilima kina ofisi, kila ofisi ina mlango, na kila mlango umebandikwa karatasi: "Afisa yuko uwandani." Uwandani lazima pawe mahali papana mno, maana maafisa wote wako huko na hakuna raia aliyewahi kukutana nao.

Ili mapenzi hayo yasikatike, serikali ilijenga Chuo cha Taifa cha Huruma. Hapo vijana husomea ustawi wa jamii kwa miaka mitatu. Mwaka wa kwanza hufundishwa maana ya mnyonge. Mwaka wa pili hufundishwa aina za wanyonge, na picha zake. Mwaka wa tatu hupelekwa kumwona mnyonge mwenyewe kwa majuma manane, kwenye shirika litakalowapokea, na mwisho wa juma la nane msimamizi wa shirika hutia sahihi kwenye daftari la mafunzo. Asiyetiwa sahihi hurudia mwaka.

Sasa, mashirika hayajipangi yenyewe. Kazi ya kuyatafuta, kuyabembeleza na kuyafunga kwa hati za ubia alipewa mtu mmoja, Daktari Eliabu Kitwenga, Mratibu Mkuu wa Ubia. Huyu alikuwa mrefu, msafi, na mwenye sauti ya mtu anayehutubia hata anapoomba chumvi. Aligundua kanuni ambayo nchi nzima inaijua kwa moyo: "Penye bango pana ubia."

Kanuni hiyo ilirahisisha mambo. Zamani mratibu alilazimika kuingia ndani ya shirika, kukaa kwenye kiti kibovu na kuuliza nani anasaidiwa na vipi. Daktari Kitwenga alilikagua bango. Gari lilisimama bila kuzimwa, yeye akashuka, akasimama kando ya bango, akapigwa picha, akapanda. Kwa mwendo huo alifunga ubia na mashirika mia tatu na kumi na mawili, na wizara ikamvisha nishani. Ni kweli kwamba shirika moja katika hayo lilikuwa limehama miaka sita nyuma likaacha bango lake njiani. Lakini hata hilo lilipokea wanafunzi kumi na tisa, wakakaa chini ya bango hadi saa zao zikatimia, na wote waliandika kwenye ripoti kwamba mazingira ya kazi yana kivuli cha kutosha hasa asubuhi.

Kila Jumatatu wanafunzi waliimba Wimbo wa Ubia uliotungwa na kamati ya wizara:

*Ubia ni daraja, ubia ni taa,*
*Pasipo ubia jamii hupata njaa kadhaa.*

Vina vimeshikana kwa kulazimishwa na mizani inachechemea kama punda mwenye mwiba. Lakini wizara haikuniuliza mimi.

*

Katika wanafunzi wa mwaka wa tatu alikuwako Zamoyoni Kihampa, binti wa seremala kutoka mji wa Ng'ambo ya Reli. Baba yake alikufa akamwachia randa, nyundo, msumeno na tabia ya kutazama kila kitu kama kimepinda. Alisomeshwa na chama cha maseremala wenzake na marehemu, ambao walijifunga kumlipia miaka mitatu. Mitatu kamili; hawakusema mitatu na siku moja. Akikosa sahihi, hapakuwa na mwaka wa kurudia. Angerudi nyumbani na elimu ya mnyonge, akiwa mnyonge.

Siku ya kupangiwa aliingia ofisini kwa Daktari Kitwenga. Ukutani kulikuwa na picha mia tatu na kumi na mbili, zote za Daktari, na mabango.

"Kihampa," alisema Daktari, "taifa limekupanga Shirika la Mkono Mrefu."

"Ahsante, Mheshimiwa. Shirika hilo linafanya nini?"

"Linapokea wanafunzi."

"Na wanafunzi wasipokuwako, linafanya nini?"

Daktari alimtazama kwa huruma ya kitaaluma. "Binti yangu, ni lini wanafunzi hawajakuwako?"

Zamoyoni akatazama picha ya mwisho ukutani, ya Mkono Mrefu. "Bango lile limepinda upande wa kushoto, Mheshimiwa."

"Lile ni bango la zamani. Jipya linakuja kwa Wiki ya Ubia. La mninga. Futi saba kwa tatu. Limepimwa kwa kimo changu, maana picha za mwaka jana zilinidhulumu."

*

Shirika la Mkono Mrefu lilikuwa chumba kimoja chenye meza mbili na kalenda ya mwaka ambao umeshasahauliwa. Nyuma ya meza kubwa alikaa mwanamume mwenye mvi tatu, shati limenyooshwa vizuri, na beji kifuani: KAIMU MKURUGENZI.

"Karibu, dada," alisema. "Mimi Hemedi Chilongola. Kaa. Sio hicho, kile. Hicho kina mguu wa heshima tu."

Zamoyoni alikaa. "Shikamoo, Mkurugenzi. Wafanyakazi wengine wako uwandani?"

"Marahaba. Wafanyakazi wengine ni wewe."

"Mimi nimekuja kwa mafunzo."

"Hata mimi."

Zamoyoni alicheka, kisha akaona kwamba Hemedi hacheki. Hemedi akavuta droo, akatoa daftari la mafunzo lililofifia rangi, kingo zimeliwa na mende.

"Miaka tisa," alisema Hemedi. "Nilifika hapa juma la kwanza, nikamkuta msimamizi wangu akifunga begi. Akaniambia, 'Kijana, naenda semina ya usimamizi, shika ofisi mpaka Alhamisi.' Hakusema Alhamisi ipi. Basi nikashika. Wanafunzi wakaja, nikawasimamia, nikawatia sahihi, wakahitimu. Wengine sasa ni wakuu wa idara. Mmoja ndiye anayeniandikia barua za karipio."

"Na wewe kwa nini hukujitia sahihi?"

"Dada!" Hemedi alishtuka kwa dhati. "Mtu atajisimamiaje? Huo ni udanganyifu."

Mtu mwaminifu kama huyo, katika nchi nyingine, wangemfungia kwenye kabati la kioo watoto waje kumtazama. Nchi yake ilimwachia mende.

*

Shirika lilikuwa na mteja mmoja. Aliitwa Bi Mashavu binti Rehani, mjane, mwenye nyumba ya udongo hatua thelathini kutoka ofisini, na ulimi ambao ungeweza kukatia kuni. Shida yake ilikuwa moja pia. Mlango wake ulikuwa umeliwa na mchwa miaka tisa nyuma, na badala yake kulikuwa na khanga iliyotundikwa.

"Hodi, bibi," alisema Zamoyoni nje ya khanga.

"Unabisha nini, mwanangu? Kwani umeona pa kubisha? Pita. Mpishe na huyo mbuzi, yeye huwa anaingia kwanza."

Mbuzi alikuwa wa mwenyekiti wa mtaa, dume lenye ndevu za utawala. Aliingia, akachunguza, akajilaza kwenye jamvi kama aliyeitwa kikaoni. Zamoyoni akafungua karatasi za tathmini.

"Usihangaike kuuliza," alisema Bi Mashavu. "Swali la kwanza, jina. La pili, umri; andika sitini na saba, nimechoka kukua. La tatu, nani ananisaidia, nyie. La nne, nyie mnanisaidia nini. Hilo acha wazi, wenzio wote huliacha wazi. La kumi na moja, najisikiaje. Najisikia upepo."

"Umewahi kuhojiwa, bibi?"

Bi Mashavu akafunua fundo la khanga kuukuu. Ndani mlikuwa na bunda la karatasi, zimepangwa vizuri. "Arobaini na mbili. Wewe wa arobaini na tatu. Wote wazuri, wana adabu, wanaandika mwandiko wa kupendeza. Juma la kwanza tunajenga uhusiano. La pili na la tatu wananitathmini. La nne na la tano tunaandika mpango, tunakubaliana kwamba sina mlango. La saba wanaandika ripoti. La nane tunaagana. Soda na biskuti, tunapiga picha, mwingine analia. Mwanangu, mimi nimeagwa mara arobaini na mbili. Marehemu mume wangu tuliagana mara moja tu."

"Na la sita? Umeliruka."

"La sita ni la utekelezaji."

"Enhe."

"La sita huwa Wiki ya Ubia. Mnakwenda kuandamana."

Zamoyoni alifungua ratiba ya chuo. Ilikuwa kweli. Kila mwaka, bila kukosa, juma la kutenda na juma la kusherehekea utendaji yaliangukia siku zilezile, na aliyepanga hivyo hakuwahi kuona tatizo, kwa kuwa yeye alikuwa kwenye sherehe.

"Bibi," aliuliza taratibu, "hili halimo kwenye fomu. Ukipata mlango utafanya nini?"

Bi Mashavu alimsukuma mbuzi kidogo kwa mguu.

"Nitaufunga," alisema. "Nitaufunga kwa nje, niondoke. Binti yangu ameolewa Kisiwandani, mwendo wa siku mbili. Ana mtoto. Huyo mtoto ameota meno, yameng'oka, yameota mengine, mimi sijamwona hata ufizi. Nitaiachaje nyumba wazi? Nikienda kisimani tu, huyu hapa ananilia unga."

Mbuzi, kama aliyesikia anasifiwa, alinyoosha shingo akang'ata ukurasa wa pili wa tathmini, akautafuna pole pole, akameza.

*

Juma la tano ukaja waraka. Wizara ilikuwa imegundua kwamba baadhi ya wanafunzi wanasainiwa na wanafunzi. Ilihuzunika, ikaunda tume, tume ikahuzunika, na sasa Hemedi aliusoma waraka huo kwa sauti iliyozidi kushuka.

"'Kuanzia leo, daftari la mafunzo litatiwa sahihi na mtu, moja, ambaye amehusika na shirika kwa muda usiopungua miaka mitano, mbili, ambaye si mwanafunzi, na tatu, atakayekutwa na Mratibu Mkuu penye bango, siku ya Ijumaa ya juma la nane.'" Akakunja karatasi. "Dada, nimekuponza. Sina wa kukupa. Hapa duniani mwenye kuhusika na shirika hili miaka mitano ni mimi, nami ni mwanafunzi."

"Ndio kusema narudi nyumbani?"

"Unaweza kukaa hapa. Kuna ile meza nyingine."

Zamoyoni aliitazama meza nyingine. Aliona mvi zake tatu za kwanza zikiwa zimekaa hapo zinamsubiri.

Siku tatu baadaye bango la zamani liling'olewa na jipya likashushwa uani. Lilikuwa la mninga kweli, zito, limepigwa vanishi, limechorwa kwa rangi ya dhahabu: SHIRIKA LA MKONO MREFU. PENYE BANGO PANA UBIA. Futi saba kwa tatu. Nguzo zake zilikuwa hazijafika. Ziliagizwa na idara nyingine, na idara hiyo ilikuwa uwandani.

Jumatatu ya juma la sita nchi nzima iliandamana. Hemedi alivaa fulana ya Wiki ya Ubia, akachukua kibendera.

"Huji, dada?"

"Hapana, kaka. Ratiba inasema juma hili ni la utekelezaji. Nimekwenda kupima fremu ya bibi. Futi saba kasoro inchi mbili, kwa tatu."

Hemedi alilitazama bango. Kisha akamtazama Zamoyoni. Kibendera kikamtoka mkononi.

"Usithubutu! Kuna Sheria ya Mabango!"

"Naijua. Nimeisoma jana. Bango lisilazwe, lisifunikwe, lisibomolewe. Litundikwe wima, lionekane kutoka njiani. Hivi tunavyozungumza limelazwa uani. Sisi ndio tunaovunja sheria."

"Lakini mlango, dada! Bango kuwa mlango!"

"Sheria haikusema lisiwe na bawaba."

Miaka tisa ya kusubiri inamfundisha mtu kusoma sheria mpaka kwenye nukta, na Hemedi hakuona nukta yoyote dhidi ya bawaba. Akavua fulana ya Wiki ya Ubia, akaitumia kushikia upande mmoja wa bango ili vanishi isichubuke.

Walifanya kazi siku mbili. Zamoyoni alibadilisha fremu iliyoliwa, akaipaka oili chafu dhidi ya mchwa, akakata chini ya bango inchi mbili kwa msumeno, na nywele moja kwa randa. Alirudia mara nne, kwa maana baba yake alimfundisha kwamba mlango unaopitisha mwanga chini ni dirisha lililokosa adabu. Hemedi alishika misumari kinywani na kulaumu. Mtaani kwenyewe wanawake walikusanyika, na Bi Mashavu, akifagia vumbi la mbao, alianza kuimba taratibu:

*Waliniuliza hali, nikawambia mlango,*
*Wakazidisha maswali, wakaandika mpango,*
*Wote wameenda mbali, nikabaki kama pango,*
*Dawa haikuwa swali, ni msumari na bango.*

Mizani imetimia kila mstari. Nimeihesabu kwa vidole. Na hakukuwa na kamati.

Jioni ya siku ya pili mbuzi alikuja kama kawaida yake, akatembea kwa mwendo wa kiserikali, akagonga paji la uso kwenye neno UBIA. Akarudi nyuma. Akatazama. Akagonga tena. Wanawake walicheka mpaka mmoja akakaa chini.

*

Ijumaa ya juma la nane Daktari Kitwenga alifika na mpiga picha. Gari lilipunguza mwendo mbele ya ofisi. Bango hakuna. Hemedi alikuwa amesimama barazani, jasho likimtoka kama mtu aliyekutwa na kuku asiyekuwa wake.

"Chilongola! Bango liko wapi?"

Hemedi akanyoosha mkono. Hatua thelathini mbele, kwenye ukuta wa udongo, maandishi ya dhahabu yaling'aa juani.

"Ahaa," alisema Daktari. "Mmehama."

Gari halikuweza kupita kwenye kichochoro. Daktari alishuka, na kwa mara ya kwanza tangu apewe nishani alikanyaga udongo. Alifika mbele ya bango, akaligusa, akakuta lina kitasa. Hakuna waraka uliomwelekeza mtu afanye nini bango likiwa limefungwa. Mwishowe kumbukumbu ya utotoni ikamjia.

"Hodi?"

Zamoyoni, aliyekuwa ameketi jamvini ndani na daftari lake mapajani, aliinuka afungue. Bi Mashavu akamzuia.

"Kaa kwanza, mwanangu. Miaka tisa watu wanapita tu kama mbuzi. Acha nimsikilize." Akapaza sauti. "Bisha tena!"

"Hodi!"

"Tena, baba, vizuri zaidi. Gonga na mkono."

Mratibu Mkuu wa Ubia akagonga kwa vidole, ko, ko, ko. Bi Mashavu alifumba macho kama anayenusa pilau.

"Karibu," alisema, na akafungua.

Daktari alimwona mama wa makamo ya heshima, amesimama nyuma ya bango, bunda la mafaili kandoye. Hakuhitaji kuambiwa zaidi.

"Mkurugenzi," alisema akiinama kidogo, "nimefika kukagua ubia. Una muda gani na shirika hili?"

"Tangu linaanza, baba. Miaka tisa. Sijakosa siku."

"Wewe si mwanafunzi?"

"Mimi? Nimewafundisha arobaini na tatu."

Daktari akaandika haraka. "Mna tathmini?"

Fundo la khanga likafunuliwa. Daktari alipitisha kidole juu ya karatasi. Hakuwahi kuona shirika lenye kumbukumbu kamili namna hiyo. "Na mteja wenu mkuu ni nani?"

"Mimi."

"Shirika linaloongozwa na mteja mwenyewe!" Daktari alimgeukia mpiga picha. "Hili wafadhili wanalililia! Changamoto?"

"Mbuzi."

"'Changamoto: mifugo,'" aliandika. "Safi sana. Sasa picha. Vijana, litoeni bango hilo tulipeleke barabarani, kwenye mwanga. Dakika tano tu."

Vijana wawili wa mtaa waliokuwa wakichungulia hawakusogea. Zamoyoni aliukaza mkono wake juu ya daftari. Alijua dakika tano za serikali. Msimamizi wa Hemedi naye alisema Alhamisi.

Bi Mashavu akasimama mlangoni, kiganja kimoja juu ya mninga.

"Baba, hebu nisomee hapa. Mimi macho yangu mabovu."

"Penye bango pana ubia," alisoma Daktari kwa fahari ya mwenye kanuni.

"Na ukiliondoa, hapa patakuwa na nini?"

Hapo, nikwambieni, Daktari akaifikiria kanuni yake kwa mara ya kwanza. Bango likitoka hapa, ubia unatoka. Ubia ukitoka, mia tatu na kumi na mbili inakuwa mia tatu na kumi na moja. Na taarifa ya mwaka alikuwa ameshaipeleka wizarani jana.

"Lisiguswe!" alifoka. "Nani alisema liguswe? Nipigeni picha hapahapa."

"Limefunguka, Mheshimiwa," alisema mpiga picha. "Maandishi hayasomeki."

"Basi lifungwe."

Bi Mashavu akalifunga, yeye ndani, Daktari nje, na kwa muda picha ikipigwa nyumba ile ilikuwa na giza la utulivu na harufu ya mbao mpya. Alimgeukia Zamoyoni akanong'ona, "Nikimwacha hukohuko je?"

"Bibi! Sahihi yangu!"

"Natania, mwanangu."

*

Fomu ya mwisho ina swali moja: *Mwanafunzi ameleta badiliko gani?* Daktari alishika kalamu mwenyewe, kwa sababu mambo mazito hayaachiwi wakurugenzi.

"Niandike nini?"

"Andika mlango."

"Mlango." Kalamu ilisita. "Mkurugenzi, kitaalamu hapa lazima tutofautishe. Hilo ni pato, ni matokeo, au ni athari ya muda mrefu?"

"Ni mlango."

"Naelewa, ila fomu ina visanduku vitatu..."

"Baba," alisema Bi Mashavu, "ulibisha hodi ukafunguliwa. Sasa unauliza umepita wapi?"

Daktari alitia alama kwenye visanduku vyote vitatu. Kisha Bi Mashavu akalivuta daftari la Zamoyoni na kutia sahihi. Nchi ile imemshikisha mjane huyo kalamu mara arobaini na tatu ili akubali kuhojiwa, kwa hiyo sahihi yake ilikuwa imekomaa, yenye mikunjo na mkia, kama ya gavana wa benki. Daktari akagonga muhuri juu yake bila kupumua.

Zamoyoni alilishika daftari kwa mikono miwili. Alitaka kusema neno la shukrani alilofundishwa darasani katika somo la kuagana, lakini Bi Mashavu alikuwa ameshainua kidole.

"Usiniage. Ukiniaga nitakulaani. Utakuja siku nyingine, utabisha."

Mlangoni alisimama Hemedi, amevaa beji yake, na mkononi ameshika daftari lililoliwa na mende. Bi Mashavu alimtazama kutoka juu hadi chini.

"Wewe mkurugenzi. Miaka tisa unapita hapa na kibendera. Ulishika misumari siku mbili, hiyo nimeiona. Lile shimo la maji machafu mbele ya kwa Bi Chausiku je, wewe huwa unaliruka?"

"Huwa naliruka, bibi."

"Kalifunike. Ukirudi kalamu iko hapa."

Hemedi alikimbia. Mvi zake tatu zilionekana kwa mbali zikiruka, na zamu hii hazikuruka shimo.

*

Mwaka uliofuata Daktari Kitwenga alipeleka wanafunzi kumi na wawili kwenye shirika linaloongozwa na mteja. Bi Mashavu hakujenga nao uhusiano. Aliwapa kila mmoja jirani mmoja na shida moja, akasema atatia sahihi akiona kwa macho, na macho yake, siku hiyo, yalikuwa mazima kabisa. Zamoyoni aliajiriwa na wilaya. Hakai ofisini, na mlango wa ofisi yake umebandikwa karatasi inayosema yuko kwa nani. Wakubwa wake wanaona karatasi hiyo inakosa usiri.

Wizara ilipopitia takwimu ilishtuka. Mashirika yote yalikuwa yanaongeza wateja kila mwaka, isipokuwa Mkono Mrefu. Wateja wake walikuwa wanapungua. Mwezi wa kumi walibaki wawili, na mmoja wao alikuwa mwenyekiti wa mtaa, aliyelalamika kwamba mbuzi wake amekonda. Ikaandikwa barua ya onyo kali juu ya uzembe wa kupoteza wateja, na Daktari Kitwenga akatumwa kuifikisha kwa mkono.

Alipita kichochoroni, akafika penye bango. Maandishi ya dhahabu yalikuwa yaking'aa. Chini yake, kwenye komeo, lilining'inia kufuli kubwa la shaba.

"Hodi," alisema, kwa sauti ya mtu aliyezoea sasa. "Hodi!"

Bi Chausiku akachungulia kutoka nyumba ya jirani. "Hayupo, baba. Amekwenda Kisiwandani, juma la pili leo."

"Kikazi?"

"Kuhesabu meno."

Daktari akaandika: *Mkurugenzi yuko uwandani.* Kisha, kwa kuwa barua ya serikali hairudi ilikotoka, aliinama kwa taabu, akapiga goti kwenye udongo, akajaribu kuisukuma chini ya mlango. Akajaribu kona ya kushoto. Akajaribu ya kulia. Aliikunjua, akainyoosha kwa kiganja, akajaribu katikati.

Mlango ulikuwa umekaa sawasawa. Hata karatasi haikupita.